Kuni za masika huchanjwa kiangazi

Na Bwana Shamba

Januari ni mwezi wa moshi katika vijiji vingi vya Ufipa. Mvua imekuwa ikinyesha tangu Novemba. Kuni zimelowa. Mama anapuliza moto mpaka anatokwa na machozi. Mtoto aliye mgongoni anakohoa. Uji unachelewa, na watoto wanakwenda shule na njaa.

Watu husema kosa ni la mvua. Mimi sikubali. Kosa ni la miezi ya Mei na Juni. Jua lilikuwapo, upepo ulikuwapo, na gogo lilikuwapo uani. Baba alilipita kila siku bila kuligusa.

MAJI NDANI YA KUNI

Mti uliokatwa leo una maji mengi. Karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Tuseme mama amebeba tita la kuni mbichi la kilo 20. Ndani yake mna karibu kilo 10 za maji. Hiyo ni ndoo ya lita 10! Ameibeba kichwani kutoka porini, na maji yenyewe hawezi kuyanywa wala kuyapikia. Tena akifika nyumbani, moto lazima uyakaushe maji hayo kwanza, ndipo chungu kipate joto. Kwa hiyo chungu kimoja cha maharage kinakula kuni nyingi, na moshi unajaa nyumba. Moshi huo huumiza macho na mapafu.

Je, gogo likiachwa zima halikauki? Hukauka, lakini polepole sana. Gome lake huzuia maji yasitoke. Gogo nene laweza kukaa kiangazi chote likawa kavu nje na bichi ndani. Ukilichanja, upepo unaingia na maji yanatoka. Hiyo ndiyo sababu ya kuchanja mapema.

Sisi wa Ufipa tuna sababu nyingine. Nchi yetu ya juu ina majani mengi kuliko miti. Wazee wetu walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zinazoitwa malungu. Walitumia mkaa mwingi kuyeyusha mawe ya chuma, wakafua majembe na mashoka. Jirani zetu wa misituni walichoma matawi ili majivu yarutubishe shamba. Mfipa hakuwa na matawi ya kutosha. Alifukia majani katika matuta, yale tunayoyaita intumba. Basi uhaba wa miti si jambo jipya kwetu. Mwaka 1980 Serikali iliendesha kampeni ya Misitu ni Mali, na leo vijiji vingi vina mikaratusi. Ni vizuri. Lakini mti uliopandwa kwa miaka 7 ukichomwa mbichi, sehemu ya kazi hiyo yote imekwenda na moshi.

Msitu wa Mbizi, juu ya mji wa Sumbawanga, ni hifadhi. Vijito vyetu vinatoka huko. Hapo si mahali pa kwenda na shoka. Kata mti wako mwenyewe, au uliza kwanza ofisi ya kijiji.

KUKATA NA KUCHANJA

Angusha mikaratusi mvua zinapokwisha, mwishoni mwa Aprili au mwezi wa Mei. Tazama mti umeinamia upande gani. Kata pengo upande huo, lisizidi theluthi moja ya unene wa mti. Kisha kata upande wa nyuma, juu kidogo ya pengo. Usikate mpaka zikutane. Acha kipande kidogo katikati, kiuongoze mti unapoanguka. Njia yako ya kukimbilia uisafishe kabla hujaanza, si wakati mti unalia.

Kata vipande vya urefu wa mkono, toka kiwiko hadi ncha za vidole. Urefu huo unafaa mafiga. Usikatie gogo chini kwenye udongo. Liinue juu ya magogo mawili madogo. Udongo na mawe huharibu msumeno na shoka kuliko mti wenyewe.

Sasa chanja, tena usingoje. Mkaratusi mbichi hupasuka kwa urahisi. Ukikauka, nyuzi zake hushikana, na utapiga shoka mpaka mikono ife ganzi. Nimeona vijana wenye nguvu wakishindwa na gogo la mwaka jana.

Kwanza kagua shoka. Je, kichwa kinacheza? Je, mpini una ufa? Kama ndiyo, usiinue shoka hilo. Tengeneza kwanza. Watoto na kuku wafukuzwe mbali. Tafuta gogo pana la kupasulia, lifike chini kidogo ya goti. Simamisha kipande chako juu yake, upande wa mbali nawe. Hapo shoka likikosa, litapiga gogo, si mguu wako. Tanua miguu. Usiweke mguu mmoja mbele.

Tazama mwisho wa kipande. Mara nyingi utaona ufa mdogo. Piga katika ufa huo, maana mti umekwisha kukuonyesha njia. Kipande kikiwa kinene sana, usianze katikati. Anza pembeni, ubandue vipande kuzunguka, kama mtu anayemenya. Kila ukibandua, kinachobaki kinapungua na kazi inakuwa nyepesi. Penye kifundo cha tawi, pakwepe. Kipande chenye vifundo vingi kiweke kando. Kitafaa kuota moto usiku wa Julai, na baridi ya Julai hapa kwetu mnaijua.

Gogo likikataa shoka, tumia kabari. Kabari ya chuma ni nzuri, lakini hata ya mti mgumu inafaa kuanza nayo. Ipige kwa nyundo ya mti mpaka ufa ufunguke. Weka kabari ya pili mbele katika ufa huo huo. Ya kwanza italegea, uitoe, uisogeze mbele. Usipige kabari ya chuma kwa kichwa cha shoka. Kichwa hupanuka na kupasuka, na vipande vya chuma huruka machoni.

Unene wa kuni za kupikia uwe kama kifundo cha mkono wa mtu mzima.

KUZIPANGA

Lala mawe au miti miwili chini, kisha panga kuni juu yake. Zikigusa udongo, mchwa watazila kabla yako. Acha nafasi upepo upite. Upana wa rundo uelekee upepo wa kiangazi. Oktoba zihamishie chini ya paa, lakini zisigusane na ukuta wa nyumba.

Utajuaje kama zimekauka? Gonga kuni mbili pamoja. Kavu hulia kwa sauti kali. Mbichi hutoa sauti nzito. Tena kavu ni nyepesi, na ina nyufa mwishoni.

Utasema, Mei na Juni ni wakati wa mavuno. Kweli. Lakini majirani watano wakishirikiana, wanachanja uani kwa mmoja leo, kwa mwingine kesho. Kazi kama hiyo Wafipa wanaijua. Ila nasema wazi, hii ni kazi ya wanaume wa nyumba pia. Katika nyumba nyingi mama hukata kuni kwa panga kila jioni, mtoto akiwa mgongoni, huku shoka la baba limeegemea ukuta.

Kisiki nacho usikisahau. Kikate chini, karibu na ardhi, tena kimshazari ili maji ya mvua yasikae juu yake. Mkaratusi utachipua. Machipukizi yakifika kimo cha mtu, acha mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yaondoe. Mbuzi wasifike hapo mwaka wa kwanza.