Je, wajua chuku haivuti?

Mkandaji hukandamiza, mwumishi huinua. Ndiyo tofauti ya wataalamu wawili wanaokimbiliwa na mpagazi wa soko la Kongowea baada ya kutwa ya kubeba magunia. Mmoja humpaka mafuta ya nazi akamchua mgongo kwa vidole gumba. Mwingine humuumika.

Chuku ya kale ni pembe ya ng'ombe au mbuzi, iliyokatwa na kutobolewa tundu dogo nchani. Mwumishi huweka nta mdomoni, akabandika pembe palipo na maumivu, akafyonza hewa kupitia lile tundu, kisha kwa ncha ya ulimi akaliziba kwa nta kabla hewa haijarudi. Ni ufundi wa sekunde chache, na si kila mdomo unauweza. Siku hizi Kisauni na Likoni utaona zaidi hijama ya vikombe vya plastiki, vinavyofyonzwa hewa kwa bomba la mkono.

Ajabu ni kwamba kikombe chenyewe hakivuti kitu. Hewa hutukandamiza kwa takriban kilo moja kwa kila sentimita mraba ya ngozi, nasi hatuhisi kwa kuwa mwili nao unasukuma kwa nguvu hiyo hiyo. Hewa ikipunguzwa kikombeni, ngozi, mafuta na utando unaofunika misuli husukumwa juu, damu ikajaa, vishipa vyembamba vikapasuka. Ndiyo asili ya yale mabaka ya zambarau ambayo dunia iliyaona mwilini mwa mwogeleaji Michael Phelps kule Rio mwaka 2016. Aghalabu hufifia ndani ya wiki mbili.

Hiyo ni chuku kavu. Ya damu huongezwa chale ndogo za wembe, kisha kikombe hurudishwa. Waislamu wengi huichagulia tarehe 17, 19 au 21 ya mwezi mwandamo. Kikombe kikitolewa huwa na damu iliyoganda kama ini bichi, na mgonjwa huambiwa, "Uchafu huo!" Hapo mimi sikubali. Damu yoyote ikitoka nje ya mshipa huganda. Kuuchujia mwili taka ni kazi ya ini na figo. Tafiti zinaonyesha nafuu ya muda mfupi kwa maumivu ya shingo na kiuno, ingawa ushahidi bado ni dhaifu, maana ni vigumu kumpiga mtu chuku ya uongo asijue.

Kwa mgongo uliokaza, basi, chuku kavu ningeikubali. Wembe ndio unaonitia wasiwasi: homa ya ini ya aina B na virusi vya ukimwi vyaweza kupita hapo. Ufunguliwe mbele yako, na kikombe kiwe kipya. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, amwambie mwumishi kabla hajavua shati.