Paka Hakimbii Moto, Hujificha

Wengi wetu tunaamini kwamba nyumba ikishika moto, mnyama ndiye atakayetangulia kutoka. Ana pua kali na miguu myepesi, basi atajiokoa. Imani hii imeua wanyama wengi. Mbwa huenda akabweka na kukimbilia mlangoni, lakini paka, sungura na hata mtoto wa mbwa hufanya kilekile wanachofanya radi ikipiga: huingia penye giza na pa kubana. Chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya tenga la nguo chafu. Ukimwita paka kwa sauti ya hofu, ndiyo kwanza anazidi kujikunyata. Kwake yeye hatari ni kitu kinachowinda, na kinachowinda hukwepwa kwa kutoonekana. Moshi humfuata hukohuko.

Na moshi ndio unaoua mapema, kabla hata miali haijafika. Kitu kikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Himoglobini iliyokwisha kushikwa haibebi tena oksijeni. Mnyama anapumua, lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Wakati mwingine fizi zake huwa nyekundu kabisa, ukadhani ni mzima. Magodoro ya sponji na makochi yakiungua huongeza sianidi, sumu inayozuia seli kuitumia hata ile oksijeni kidogo iliyofika.

Ndege ndio huzidiwa haraka zaidi. Hewa hupita kwenye mapafu yao ikielekea upande mmoja tu, ikisukumwa na vifuko vya hewa, kwa hiyo hunyonya oksijeni wakivuta pumzi na hata wakiitoa. Mfumo unaowapa nguvu ya kuruka ndio huohuo unaowajaza sumu. Mwanasayansi John Scott Haldane, aliyechunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, alishauri wanyama wadogo watumike kutambua gesi hii, na ndege wadogo aina ya kanari waliendelea kushushwa migodini humo hadi miaka ya 1980. Kwa hiyo tundu la kasuku lisitundikwe jikoni. Na mfugaji anayepasha vifaranga joto kwa jiko la mkaa asizibe chumba: mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, ila kaboni monoksidi unaitoa tele.

Gesi ya kupikia ina tabia nyingine, na watu wengi hawaijui. Moshi wa moto hupanda juu. Gesi ya mtungi, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni, na sakafuni ndiko mbwa na paka wanakolala. Wewe uliyesimama hujasikia harufu, naye tayari anaivuta. Mbwa akikataa kulala jikoni alikozoea, au akiuzungukazunguka mtungi bila kutulia, usimfukuze. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, swichi ya taa usiiguse, kisha kagua mpira na regyuleta.

Upo pia moto unaoanzishwa na wanyama wenyewe. Umeme ukikatika mshumaa huwekwa juu ya stuli, na mkia wa paka hufika hapo. Sungura na watoto wa mbwa hutafuna nyaya.

Kinachoniumiza zaidi ni kufuli. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Banda ni la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa stoo yenye magunia ya mkaa au dumu la petroli ya jenereta, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Moto ukizuka mtu huyo akiwa dukani, mbwa hana pa kwenda. Komeo linalochomolewa kwa nje, hata na mtoto, humzuia mbwa sawasawa na kufuli. Na aliye kwenye mnyororo afungwe kwa ndoano ya kufyatua, si kwa waya uliosokotwa kwa koleo.

Paka, kwa maoni yangu, alale chumba kimoja na mtu, mlango ukiwa umefungwa. Mlango uliofungwa huuchelewesha moshi na joto, nawe unajua alipo. Weka kando ya kitanda kikapu chenye kifuniko, kiwe wazi kila siku ili akizoee kama maficho yake. Siku ya hatari ataingia humo mwenyewe, nawe utafunika na kutoka naye. Ukishatoka usirudi. Waambie zimamoto, ambao Tanzania hupatikana kwa namba 114, yuko chumba gani na hupenda kujificha wapi.

Aliyetolewa hai bado hajavuka. Palipoungua papozwe kwa maji ya kawaida yasiyo na barafu. Dawa ya meno na mafuta viachwe. Mfute masizi, kwani paka atayalamba. Usimpe paka panadol hata kipande: ini lake haliwezi kuivunja, na sumu yake huiharibu himoglobini ileile iliyokwisha kudhoofishwa na moshi. Baada ya mioto ya California ya 2017 na 2018, madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima mioyo ya paka 51 walioungua, na zaidi ya nusu walikutwa na kasoro, zikiwemo misuli ya moyo iliyonenepa na mabonge ya damu. Mapafu nayo huvimba taratibu. Mbwa aliyekula vizuri jioni anaweza kuamka akihema kwa shida, na paka anayehema mdomo wazi asisubiri kukuche. Mpeleke kliniki yenye mtungi wa oksijeni, kwa sababu oksijeni safi huiondoa kaboni monoksidi kwenye damu haraka mara kadhaa kuliko hewa ya kawaida.