Sahani ya Jirani

Saiba yangu iko Majengo, Pumwani. Wateja wengi huja kujaza fomu za mkopo wa HELB au kutoa kopi ya kitambulisho. Jioni moja aliingia kijana wa jirani, shati jeupe la soko la Gikomba limepigwa pasi likanyooka kama karatasi. Alikuwa ametoka mjini kuhojiwa na mama mmoja aliyesomea chuo cha Marekani, chuo ambacho kijana ameomba nafasi.

"Anti, nisaidie kuandika asante."

Kwetu kuhojiwa na chuo bado ni jambo geni. Nafasi za vyuo vikuu vya umma hupangwa na shirika la serikali, KUCCPS, kwa alama za mtihani wa KCSE na kozi ulizochagua. Hakuna wa kukuita mkazungumza. Mahojiano ni ya wanaotafuta ufadhili au vyuo vya nje. Vyuo kama Yale na MIT huwatumia wahitimu wao, watu wenye kazi zao, wanaojitolea bila malipo. Mhitimu huzungumza nawe, kisha hutuma ripoti. Uamuzi ni wa chuo.

Barua ya kijana ilijaza ukurasa. Asante ilikuwa mstari wa kwanza tu. Kuanzia hapo ni maombi: baba hayupo, tunalala chumba kimoja, tafadhali madam usinisahau. Yote yalikuwa kweli.

Nikamuuliza, "Jirani akikuletea pilau, siku ya kurudisha sahani unamwagiza biriani?"

Akacheka. Tukafuta.

"Haya, mlizungumza nini hasa?"

Akaniambia walikaa sana kwenye habari za Mto Nairobi, jinsi maji yanavyobadilika rangi yakipita Gikomba, na yule mama akamuuliza angeanza kupima nini. Mama naye akamsimulia alivyoanguka kemia mwaka wa kwanza, akarudia. Basi barua ilikuwa hiyo hapo. Tuliiandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ni hii:

"Asante kwa muda wako wa leo. Nilipokusikia ukisema uliwahi kuanguka kemia, woga ulinipungua. Swali lako kuhusu mto nimerudi nalo nyumbani, bado nalifikiria. Nakutakia kazi njema."

Nawe ukimaliza yako, soma tena jina la aliyekuhoji, herufi kwa herufi. Jina likikosewa, asante yote imeharibika. Tuma siku hiyohiyo au kesho yake. Usiulize matokeo. Usitume zawadi, wala hela ya chai kwa M-Pesa: hapo shukrani imegeuka hongo. Mkihojiwa kumi, kila mmoja aandike yake, kwa sababu barua ya kunakili hujulikana. Na usiitegemee ikununulie nafasi.

Alipotuma, adhana ya Magharibi ilikuwa inasikika kutoka Msikiti wa Riyadha. Akabaki ameikodolea macho skrini.

"Anti, na asipojibu?"

"Sahani si umesharudisha? Nenda nyumbani ukale."