Dawa za Sonona na Uzito wa Mwili

Dawa za kutibu sonona hazina athari moja kwa uzito wa mwili. Zipo zinazonenepesha, zipo zinazokondesha kwa miezi michache ya mwanzo, na zipo ambazo mizani haioni tofauti yoyote. Ndiyo maana wagonjwa wawili waliotoka kliniki moja siku moja, kila mmoja na dawa yake, huweza kurudi baada ya nusu mwaka mmoja suruali inambana na mwenzake inamvuka.

Jambo hili lilianza kuonekana mapema. Mwaka 1952, wagonjwa wa kifua kikuu wa hospitali ya Sea View jijini New York walipewa iproniazidi. Walichangamka, wakala kwa hamu na kuongezeka uzito, na miaka michache baadaye dawa hiyo ikaanza kutumika kutibu sonona. Kweli, mgonjwa wa kifua kikuu anayepona hunenepa hata asipochangamshwa na chochote, na ugumu huo wa kutenganisha kazi ya dawa na kupona kwenyewe upo hadi leo. Sonona huwaondolea wengi hamu ya kula. Ikipungua, chakula hupata ladha tena na kilo zilizopotea hurudi. Kwa mtu wa namna hiyo, kunenepa kidogo ni dalili njema. Wapo pia ambao ugonjwa huwafanya wale kupita kiasi na kushinda kitandani, na hao huweza kupungua wakipata nafuu.

Amitriptilini, dawa ya bei nafuu inayotumika sana Afrika Mashariki, imo katika kundi la zile zinazonenepesha. Huziba vipokezi vya histamini kwenye ubongo, kemikali inayomweka mtu macho na kumpunguzia njaa. Vikizibwa, usingizi huja na hamu ya vyakula vya wanga na sukari hupanda. Zaidi ya hayo, dawa hii hukausha mdomo, na hapo ndipo wengi huponzeka: kiu hutulizwa kwa soda, ilhali chupa moja ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 35 za sukari. Maji yangetosha kabisa. Mirtazapini nayo hupita njia hiyo ya histamini, na wapo madaktari wanaoichagua makusudi kwa mgonjwa aliyekonda na asiyepata usingizi.

Fluoksetini hufanya kinyume, angalau mwanzoni. Huongeza nguvu ya serotonini, tumbo huchafuka kidogo, hamu ya kula hushuka na mtu hupungua. Matumizi yakiendelea kwa miezi mingi, uzito huo kwa kawaida hurudi. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2024, uliohusisha watu zaidi ya 180,000, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliotumia paroksetini au esitalopramu walikuwa wameongezeka wastani wa takriban kilo 0.4 zaidi ya waliotumia setralini. Ni kiasi kidogo kuliko inavyohofiwa mitaani, ingawa ndani ya wastani huo wamo walioongezeka kilo nyingi.

Katika utafiti huo, iliyoongoza kwa kutonenepesha ni bupropioni, ambayo hutegemea dopamini na noradrenalini. Mwaka 2014 Marekani iliruhusu ichanganywe na naltreksoni kuwa dawa ya kupunguza unene. Lakini haimfai mwenye kifafa, wala mwenye tabia ya kula sana kisha kujitapisha, kwa sababu huweza kuleta degedege. Sibutramini ina historia mbaya zaidi: ilianza kutafitiwa kama dawa ya sonona, ikaishia kuuzwa kama dawa ya kukondesha, na mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Baada ya hapo imekutwa mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya vidonge vya kupunguza mwili vinavyoitwa vya mitishamba.

Anayeanza dawa hufaa apimwe uzito siku ya kwanza, kisha kila mwezi, ili ongezeko lionekane mapema na daktari aweze kubadilisha dawa au kurekebisha dozi. Kuiacha ghafla kwa hasira ya kunenepa huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hisia kama za shoti ya umeme kichwani, na sonona yenyewe huweza kurudi. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa au miezi, chini ya uangalizi wa daktari.