Kazi ya Kuuguza: Ngazi Inayoanzia Korogwe na Handeni

Kijana wa kidato cha nne akisema anataka kazi ya hospitali, wazazi wengi huwaza udaktari. Matokeo yakitoka na alama hazitoshi, ndoto inaishia hapo. Mwaka kwa mwaka, Handeni na Korogwe zinapoteza wahudumu wazuri kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kazi hii ina ngazi, na kwamba hatua zake za chini zimo humu humu mkoani Tanga.

Hatua ya kwanza ni ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tarehe 31 Januari 2024, Dk. Philip Mpango, akiwa Makamu wa Rais, alizindua mpango wa kuandaa wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, kwa mafunzo ya miezi sita. Hawa hupita nyumba kwa nyumba: mjamzito aliyekosa kliniki, mtoto aliyepitwa na chanjo, mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa.

Hatua inayofuata ni uuguzi na ukunga. Korogwe ina chuo chake, Handeni ina chake. Mwombaji anahitaji angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwamo za Kemia, Baiolojia na Fizikia. Stashahada huchukua miaka mitatu, kisha Baraza la Uuguzi na Ukunga humsajili na kumpa leseni. Huko mbele kuna shahada na ubingwa. Aliyeanza na D anaweza kufika, mradi asiache kusoma.

Kwa nini mtu aipende kazi hii? Sababu moja ni upana wake. Katika zahanati ya kijiji, muuguzi huzalisha asubuhi, hupima uzito wa watoto saa nne, mchana hutoa dawa dirishani, na jioni hufunga kidonda cha aliyeanguka na bodaboda. Ujuzi wa aina hiyo hupatikana haraka kuliko kwa anayekaa wodi moja mjini.

Sababu nyingine ni kwamba kazi ya hapa imewahi kufika mbali. Mwaka 2007 watoto wa Korogwe, pamoja na wenzao wa Kilifi nchini Kenya, 894 kwa jumla, walishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa waliochanjwa waliugua malaria kwa takriban nusu ya wenzao. Korogwe ikaingia tena kwenye jaribio kubwa la vituo 11 katika nchi saba za Afrika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Majina ya watafiti yamo kwenye majarida. Lakini jaribio kama hilo halisimami bila mtu wa kumpima mtoto joto, kumtoa damu bila kumtisha, na kumweleza mama kwa lugha anayoielewa kwa nini arudi tena mwezi ujao.

Na uuguzi si mlango pekee. Kwamkono, wilayani Handeni, hospitali ya Mtakatifu Francisko inajulikana pia kwa hosteli ya watoto wenye ulemavu. Kazi kama ile inahitaji wataalamu wa utengamao na mafundi wa viungo bandia; mafundi hao hufundishwa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC.

Tusifiche ugumu. Zamu ya usiku huchosha, nyumba za watumishi ni chache, na kuhitimu si kuajiriwa: wengi husubiri nafasi za serikali huku wakijitolea. Uchovu huo ndio unaozaa ile tabia ya kuwafokea wajawazito, ambayo haina udhuru.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, kijana aende zahanati ya karibu siku ya kliniki, aombe ruhusa, akae asubuhi nzima. Foleni ile ikimchosha tu, atafute kazi nyingine, si aibu. Akijikuta anauliza kwa nini yule mtoto wa tatu amepungua uzito, ajaze fomu.