Bonaire: Kisiwa Ambako Maji Hayapwi

Mwanafunzi mmoja wa Pemba, anayesomea sayansi ya bahari Uholanzi, ameniletea swali linalostahili safu nzima. Meli ya mafunzo iliyomchukua yeye na wenzake ilifunga gati Kralendijk, mji mkuu wa kisiwa cha Bonaire katika bahari ya Karibi, wakaruhusiwa kushuka pwani kutwa. Asubuhi aliyaangalia maji gatini kama anavyofanya kila mtoto wa pwani. Aliporudi alasiri aliyakuta palepale. “Mwalimu,” ananiuliza, “kwetu muda huo ngalawa zingekuwa zimekwisha kulala ubavu mchangani. Kule maji hayapwi?”

Yanapwa, ila ni kidogo mno hata jicho halishtuki. Unguja, siku za bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia mita 4. Bonaire kwa kawaida haizidi sentimita 30 hivi, na siku nyingi ni chini ya hapo. Nitaeleza kwanza kwa nini, kisha niseme jambo ambalo wageni wengi wa Karibi hupita bila kuliona: tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoamua nyumba zijengwe wapi, chumvi ivunwe vipi, mikoko iishi vipi na hatari ya bahari ihesabiwe vipi.

Mwezi ni uleule

Bonaire iko kilomita 80 hivi kaskazini mwa Venezuela. Ni kisiwa kidogo cha kilomita za mraba 288, na tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni sehemu ya Uholanzi yenye utawala wa aina yake. Mwezi unaokivuta ndio huohuo unaoivuta Pemba. Tofauti inatokana na umbo la bahari.

Mvuto wa mwezi na jua hauyainui maji ya mahali pamoja na kuyaacha mengine yametulia. Unaisukuma bahari nzima, nayo bahari imezungukwa na mabara, kwa hiyo maji huenda yakagonga kingo na kurudi. Kwa kuwa dunia inazunguka, mwendo huo hugeuka kuwa mawimbi marefu sana yanayozunguka ndani ya kila bahari. Chukua beseni la maji ulishike kwa mikono miwili, kisha ulitikise kwa kulizungusha: maji ya ukingoni yatapanda na kushuka, lakini pale katikati karibu hayatainuka kabisa. Bahari kuu zina sehemu kadhaa za namna hiyo, na wataalamu huziita vituo vya amfidromi.

Kituo kimoja cha wimbi la mwezi linalokuja mara mbili kwa siku kiko mashariki mwa Karibi, kusini ya kisiwa cha Puerto Rico. Visiwa vilivyo karibu nacho hupata mabaki tu ya wimbi hilo. Kinachobaki na nguvu kiasi ni wimbi jingine, dogo, linalokuja mara moja kwa siku, nalo hutokana na mwezi kupita kaskazini na kusini ya ikweta. Ndiyo maana kuna siku ambazo Bonaire maji hujaa mara moja tu badala ya mbili.

Pwani ya Afrika Mashariki ina hali iliyo kinyume cha hiyo. Iko mbali na vituo hivyo, mahali ambapo wimbi la mwezi katika Bahari ya Hindi hufikia kimo kikubwa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa vipimo vinavyokaribiana, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi huchelewa kiasi hicho kurudi juu yetu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa jua huungana na wake, tukapata bamvua. Siku za katikati hupingana, yakaja maji mafu. Bonaire pia ina bamvua na maji mafu yake, ila upepo wa siku mbili tatu unatosha kuvifunika.

Ufuko bila mchanga wa kupwa

Sasa tumrudishe mwanafunzi wetu barabarani, pembezoni mwa bahari. Ataona mawe yaliyopakwa rangi ya njano, yenye majina, yanayoonyesha mahali pa kuzamia. Wazamiaji huegesha gari, huvaa mitungi na kuingia majini kwa miguu saa yoyote wanayotaka. Hawahitaji kuuliza maji yako wapi. Mwamba wa matumbawe unaanza hatua chache kutoka nchi kavu, kisha unateremka ghafla kuelekea vilindini.

Mashariki ya Unguja, mwamba uko mbali na ufuko, na kati yake pana uwanda mpana ambao bamvua huuacha mtupu. Uwanda huo ni shamba. Wanawake huchokoa pweza humo na huokota chaza. Na mwani unaopandwa kwenye vigingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hufungwa na kuvunwa kwa kufuata kalenda ya mwezi. Bonaire haina shamba la namna hiyo, kwa sababu hakuna ardhi inayofunuliwa. Matumbawe yake yanaweza kukua karibu kabisa na uso wa maji bila hofu ya kuachwa juani kwa saa nyingi.

Hata sheria inaonyesha tofauti hiyo. Hifadhi ya bahari ya Bonaire, iliyoanzishwa mwaka 1979, inaizunguka pwani yote kuanzia alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60. Kutia nanga ndani yake ni marufuku ili matumbawe yasivunjwe. Kwetu, kati ya alama ya maji kujaa na ile ya maji kupwa panaweza kuwa na uwanda mzima wa kugombaniwa na wavuvi, wakulima wa mwani na hoteli. Bonaire alama hizo mbili karibu ni mstari mmoja, na mpaka huchorwa bila ubishi mkubwa.

Mvuvi wa huko, kwa hiyo, hapangi safari kwa kutazama mwezi. Hutazama upepo. Na upepo nao hauna kaskazi na kusi: pepo za biashara huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, zikilegea kidogo miezi ya Septemba na Oktoba. Pwani ya mashariki hupigwa na mawimbi kila siku, na ya magharibi, uliko mji, imetulia kama ziwa. Mtu wa pwani yetu huishi kwa saa mbili za asili, ya maji na ya misimu ya pepo. Bonaire zote mbili karibu zimesimama.

Chumvi bila bamvua

Kusini mwa kisiwa, mwanafunzi atakuta mabwawa ya rangi ya waridi, heroe wakitembea ndani yake, na vilima vyeupe vya chumvi. Rangi hiyo hutokana na vijidudu vinavyopenda maji yenye chumvi kali.

Mashamba ya chumvi ya pwani yetu, kama yale ya Gongoni kaskazini mwa Malindi, husaidiwa na bahari yenyewe: bamvua hupandisha maji hadi kwenye mifereji, watu wakayafungia humo. Bonaire haina bamvua kubwa ya kutosha kuinua maji hivyo. Ina kitu kingine. Ziwa la Pekelmeer liko nyuma ya tuta la vipande vya matumbawe, na uso wake uko chini kidogo ya usawa wa bahari. Maji ya bahari hupenya polepole ndani ya tuta, jua na upepo vikayakausha, na chumvi ikazidi. Maji hayo mazito huzama na kupenya kwenye mawe ya chini. Mwaka 1965 wanajiolojia walilitumia ziwa hilo kueleza namna mawe ya chokaa yanavyoweza kugeuka kuwa dolomiti, na hoja yao bado hufundishwa vyuoni. Siku hizi biashara ya chumvi hutumia pampu.

Zamani ilitumia watumwa. Vibanda vidogo vya mawe walimolala wafanyakazi hao, vilivyojengwa mwaka 1850, vingali vimesimama, vikiwa na paa la chini kiasi kwamba mtu mzima huingia akiwa ameinama. Uholanzi ilifuta utumwa katika makoloni yake ya Karibi tarehe 1 Julai 1863. Mgeni akiviangalia kwa jicho la mtaalamu wa bahari ataona jambo la ziada: viko hatua chache tu kutoka majini. Mjenzi wa mwaka 1850 aliweza kuweka ukuta hapo kwa sababu alijua bahari haitasogea. Mji wa Kralendijk nao una kuta, sebule za mikahawa na magati ya mbao yaliyo juu kidogo tu ya maji, kwa imani hiyohiyo.

Mikoko yenye kiu

Upande wa mashariki kuna ghuba ya Lac, yenye majani ya bahari na msitu wa mikoko. Miti yake ni jamaa wa mkoko na mchu wetu. Katika ghuba ya Chwaka, bahari huingia mikokoni na kutoka mara mbili kila siku, ikileta oksijeni na kuondoa chumvi iliyozidi. Lac haina pampu hiyo. Mifereji ikizibwa na mizizi na tope, maji ya ndani hubaki yametuama, hukolea chumvi, na miti ya nyuma hufa. Ndiyo sababu kuna watu wanaoingia humo na misumeno na majembe kuifungua mifereji kwa mikono yao.

Tatizo limezidishwa na mwani wa kahawia unaoelea, sagasamu. Tangu mwaka 2011 umekuwa ukifika Karibi kwa wingi usiojulikana hapo awali, na mwaka 2018 mkanda wake kutoka Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Meksiko ulikadiriwa kuwa na zaidi ya tani milioni 20. Ukirundikana katika ghuba, huoza, huyanyima maji oksijeni na kutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Kwenye pwani ya mita 4 sehemu ya mzigo kama huo ingebebwa na maji yanayopwa. Lac, ambako upepo unausukuma ndani na maji hayana nguvu ya kuutoa, hubaki mpaka watu wauondoe.

Hesabu ya sentimita

Hapa ndipo swali la mwanafunzi linapokuwa zito. Wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Sentimita 20 ukizilinganisha na mita 4 za Unguja ni sehemu moja ya ishirini. Ukizilinganisha na sentimita 30 za Bonaire ni theluthi mbili.

Hilo halimaanishi kwamba Unguja iko salama. Maana yake ni kwamba hatari huja kwa njia tofauti. Pwani ya maji makubwa hufurika mambo kadhaa yakikutana: kilele cha bamvua, upepo mkali na mawimbi, yote saa ileile. Mara nyingi upepo huja maji yamepwa, na madhara yakapungua. Bonaire haina saa ya kupwa inayoweza kuokoa. Wimbi likija asubuhi au usiku, litaikuta bahari kwenye usawa uleule. Na kwa kuwa maji ya kawaida na maji ya juu kabisa yanatofautiana kwa sentimita chache, nyongeza ndogo hufanya kilichokuwa kikitokea kwa nadra kitokee mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Scientific Reports ulionyesha kwamba kupanda kwa sentimita 10 hadi 20 kunaweza kuzidisha maradufu mafuriko ya pwani katika nchi za tropiki.

Wakazi walikwisha kuonjeshwa. Novemba 1999 kimbunga Lenny kilisafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kinyume cha desturi ya vimbunga vya Karibi. Hakikupita juu ya Bonaire, lakini mawimbi yake yaliipiga pwani ya magharibi, ile iliyotulia, yakavunja miamba ya matumbawe na majengo ya ukingoni. Mwezi Januari 2024 baadhi ya wakazi, wakiwa pamoja na Greenpeace ya Uholanzi, waliishtaki serikali ya Uholanzi katika mahakama ya The Hague wakidai pwani yao ilindwe dhidi ya mabadiliko ya tabianchi.

Kwa mwanafunzi atakayeshuka tena kwenye kisiwa cha namna hiyo, nashauri aanze na nguzo za gati. Atazame upana wa ukanda wa kijani na konokono walioganda: huo ndio upana wa bahari anaoujua mji ule. Achome kijiti kilichochorwa sentimita mahali penye maji tulivu, asome kila saa mpaka aitwe melini. Kisha apime kimo cha sakafu ya nyumba ya karibu kutoka majini. Namba hizo mbili zitamweleza mengi kuliko wastani wa dunia. Akirudi nyumbani na kukuta mjadala wa ukuta wa bahari Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, aulize swali lilelile kabla ya kutaja sentimita yoyote: hapa maji hujaa na kupwa kwa kiasi gani, na sakafu iko juu kiasi gani ya bamvua kubwa?