Kolis ya mwanafunzi: namna mzigo unatoka nyumbani mpaka Kasapa

Kwa mwanafunzi wa UNILU mwenye wazazi wako Kolwezi, Kamina ao Kasenga, kolis si zawadi. Ni chakula ya mwezi. Mfuko wa unga wa mahindi, bido ya mafuta ya ngazi, fretin za kukauka, wakati mwingine sabuni na sukari. Mzigo ukichelewa wiki moja, kule ku home za Kasapa kuna mtu analala bila bukari. Ukichelewa wakati wa mitihani, anaingia mu sale ya mtihani na tumbo wazi.

Zamani haikukuwa hivi. Wale waliosoma wakati wa UNAZA, kati ya 1971 na 1981, walikuwa wanapata bursi ya serikali na kula ku restora ya chuo. Leo mzazi akisha kulipa minerval na chumba, franka za kununua chakula kila siku mu Lubumbashi zinakosekana. Lakini mahindi iko mu shamba. Njo maana anatuma mahindi.

Posta haiingii mu hesabu. Hakuna faktere anayefikisha mizigo mlangoni, na mwanafunzi mwenyewe anaweza kubadilisha chumba kila mwaka. Anwani yake ya kweli ni namba ya telefone. Mama anapeleka mfuko ku parkingi ya mabisi, anaandika jina na namba kwa marker, anamlipa konvwayeri, kisha anamwita mtoto: bisi imetoka saa fulani, shofere anaitwa hivi. Kutoka Likasi ni karibu kilometa 120, mzigo unafika siku ileile. Kolwezi ni karibu kilometa 300, nayo si mbali. Wenye kuteseka ni watoto wa Kongolo na Kalemie. Mzigo wao unapanda treni ya SNCC, unapita Kabalo na Kamina, na treni ikikwama mu njia, hakuna anayejua siku ya kufika. Kwa safari kama hiyo, hata samaki lazima ikauke kabisa.

Mwanafunzi naye ana kazi yake. Bisi ikifika usiku na yeye hayuko, mfuko unashushwa kwa depo ao unabaki na konvwayeri, na kesho yake atalipia nafasi. Wengi wanatuma rafiki. Hapo njo vitu vinaanza kupotea: rafiki anasema alipata mfuko umefunguliwa, konvwayeri anasema aliutoa mzima, na mama, aliye mbali, anabaki kukasirikia mtoto.

Je, nani analipa mzigo ukipotea? Sheria iko. Ni ile ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, inayoitwa mpaka leo kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia. Kifungu chake cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa sawasawa ni sheria kwa wale walioyafanya, na kifungu cha 258 kinasema mwenye kuharibu kitu cha mwenzake kwa kosa lake lazima atengeneze. Shida ni ushahidi. Mama alitoa franka mkononi, bila karatasi, kwa mtu anayemjua tu kama « papa wa bisi ». Ajansi kubwa zinatoa bordero, na bordero hiyo, hata ikiwa kipande kidogo cha karatasi, njo inamlazimisha mwenye bisi kujibu. Kwa bisi zisizo na bordero, picha ya mfuko na ya plake ya gari, zikitumwa ku telefone ya mtoto mbele ya konvwayeri, zinasaidia sana. Konvwayeri akiona anapigwa picha, anakumbuka mzigo ule vizuri.

Kuna pia wadanganyifu. Wanasoma namba iliyoandikwa ju ya mfuko, kisha wanamwita mwanafunzi: « Kolis yako imekamatwa ku baryera, tuma franka haraka. » Dawa ni kumwita kwanza shofere kwa namba aliyoitoa mama, si kwa namba iliyopiga. Na kuficha feza ndani ya unga ni kujitafutia hasara, mobile money iko.

Jambo moja wazazi wa upande wa Tanganyika hawalijui mbele ya mwaka wa kwanza: mu Juni na Julai baridi ya Lubumbashi inagandisha mafuta ya ngazi. Mtoto anafungua bido, anakuta imekuwa sawa sabuni, anafikiri imeharibika. Haijaharibika. Inatosha kuiweka mu maji ya moto.

Kisha bido tupu na mfuko vinarudi nyumbani na bisi ileile. Mara nyingi konvwayeri haombi kitu kwa hiyo, na mama anavingojea ili atume vingine.